Tundu Lililofungashwa: Nani Azibe Udhaifu wa Programu Zinazofika Same?

Kila mwezi unapokwisha, zahanati na vituo vya afya vya Wilaya ya Same hujumlisha kilichoandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, vya taarifa za huduma za afya: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, waliopimwa malaria, dawa zilizoisha. Ni hivyo Hedaru na Makanya, kando ya barabara kuu ya kwenda Arusha, na ni hivyo Vudee, Bombo na Mamba Myamba kule juu milimani, ambako masika yakikata njia fomu ya karatasi huweza kuchelewa kuteremka. Mwishowe takwimu hizo huingia DHIS2, mfumo ambao Tanzania iliujaribu kwanza mkoani Pwani na ambao kufikia 2013 ulikuwa umeenea mikoa yote. Anayeingiza takwimu Same mjini huona ukurasa wenye visanduku vya kujaza na kitufe cha kukamilisha. Asichokiona ni kwamba ukurasa huo umesimama juu ya kazi ya watu wengi ambao hawakuajiriwa na Wizara ya Afya wala na waliotengeneza DHIS2, na kwamba kosa la mmoja wao laweza kumfungulia mtu wa mbali mlango wa seva nzima. Kosa la namna hiyo likigundulika, nani analazimika kuliziba, na kiraka kitamfikiaje aliye mwisho wa njia? Jibu langu ni kwamba mzigo huo ni wa yule aliyefungasha, na kwamba kazi yake haijakwisha siku anapotangaza kiraka. Inakwisha siku kiraka kinapokuwa kimewekwa kwenye mashine ya mwisho.

Tuanze na kifurushi chenyewe. DHIS2 ina mizizi Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994, na kwa miaka mingi sasa hutengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kwa ushirikiano na vyuo na wataalamu wa nchi nyingi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo. Hutolewa bure, na humfikia msimamizi wa seva ikiwa faili moja lenye mkia wa .war. Ndani yake ni kifurushi kama faili lolote la zipu. Ukilifungua utakuta folda iitwayo WEB-INF, na ndani ya hiyo folda nyingine, lib, iliyojaa faili zilizojipanga kwa alfabeti: hibernate-core, ya kuzungumza na hifadhidata, jackson-databind, ya kusoma na kuandika data zinazosafiri mtandaoni, familia nzima ya Spring, inayoshika mifupa ya mfumo, kiendeshi cha PostgreSQL, na, mwaka 2021, log4j-core, yenye kazi ya kawaida kuliko zote, ya kuandika kumbukumbu za yanayotokea kwenye seva: nani kaingia, ombi gani limeshindwa, saa ngapi. Hizi ndizo maktaba za programu. Hakuna timu inayojiandikia zote, wala hakuna sababu ya kufanya hivyo. Anayeandika upya njia ya kusimba data wakati ipo iliyokwisha kukaguliwa na wengi huongeza hatari.

Tarehe 24 Novemba 2021 Chen Zhaojun, mtaalamu wa usalama wa Alibaba Cloud, aliwaarifu watunzaji wa Log4j jambo lililokuwa limejificha kwenye kazi yao tangu 2013. Maktaba hiyo ilikuwa na uwezo wa kusoma maneno maalumu ndani ya ujumbe inaouandika na kuyatii kana kwamba ni amri. Mtu aliyeandika kwenye kisanduku chochote, hata cha jina la mtumiaji, mfuatano wa herufi wenye kuielekeza seva kwenye anwani yake, aliweza kuifanya seva iende huko, ichukue programu iliyotegwa na kuiendesha, ilhali yenyewe ilidhani inaandika tu kumbukumbu ya mtu aliyekosea nywila. Habari zilizagaa Desemba 9. Tundu likapewa namba CVE-2021-44228 na alama 10 kati ya 10 za ukali, na kampuni ya Cloudflare ilipopekua kumbukumbu zake ikakuta jaribio la kulitumia la tangu Desemba 1. Kiraka cha kwanza, toleo la 2.15.0, hakikutosha, likafuata la 2.16.0, kisha la 2.17.0, na la 2.17.1 kabla mwaka haujaisha. Watengenezaji wa DHIS2 walitoa matoleo ya dharura mwezi huohuo, pamoja na maelekezo ya kupunguza hatari kwa wasioweza kusasisha mara moja. Hapo mfungashaji alitimiza sehemu ya kwanza ya wajibu wake.

Hatari ya kufungasha huonekana tukimtazama ofisa TEHAMA makini, anayesasisha seva yake ya Ubuntu kila wiki. Maktaba zinazotumiwa kwa pamoja na programu zote za seva husasishwa kwa amri moja. OpenSSL, maktaba ya kusimba data, ikizibwa, imezibwa kwa wote wanaoitegemea. Lakini amri hiyo haigusi log4j-core iliyokaa ndani ya faili la .war. Mfumo endeshi hauijui. Ofisa anaona ujumbe kwamba kila kitu ni cha kisasa, anafunga kompyuta akiwa na amani, na tundu liko palepale. Kosa si lake: hakuna aliyemwambia kilichomo ndani ya kifurushi. Na kifurushi chenyewe kina vifurushi ndani yake. Siku chache baada ya habari kutoka, wachambuzi wa Google walikagua Maven Central, hazina kuu ya maktaba za Java, wakakuta vifurushi zaidi ya 35,000, yaani zaidi ya asilimia 8 ya vyote, vimeguswa. Katika zaidi ya asilimia 80 ya hivyo, tundu lilikuwa zaidi ya ngazi moja chini. Kwa vingi lilikuwa ngazi ya tano, na kwa baadhi ngazi ya tisa. Mwenye programu aliita maktaba moja, nayo ikaita nyingine, na hiyo nyingine, mpaka aliyekuwa wa kwanza kuita hamjui tena wa mwisho. Ndiyo maana bodi ya Marekani iliyochunguza mkasa huo iliandika Julai 2022 kwamba Log4j yenye tundu ingeendelea kuwamo kwenye mifumo kwa muongo mzima au zaidi.

Mfano wa pili unamgusa mwananchi bila kupitia seva ya serikali. Septemba 2023 Apple na Citizen Lab ya Toronto waliripoti tundu lililoonekana kuwa la kivinjari cha Chrome. Google ililiziba Septemba 11, na tangazo la mwanzo, CVE-2023-4863, likaitaja Chrome. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye libwebp, maktaba ndogo ya kufungua picha, ambayo imo pia ndani ya Firefox, ndani ya programu za kompyuta zilizojengwa kwa Electron, na ndani ya Android yenyewe. Kwa majuma mawili hivi, wengi wa waliofungasha libwebp kwenye bidhaa zao hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba tangazo la Chrome linawahusu. Kiraka cha Android kilitoka Oktoba. Sasa mfikirie mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba ambaye simu yake ndiyo benki yake: mnunuzi humtumia fedha humo, na picha humfikia humo. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Afrika Mashariki hupata masasisho machache baada ya kutoka dukani, nyingine hazipati. Tundu lilizibwa California. Hiyo haimaanishi lilizibwa mfukoni mwake. Huyu hawezi kuambiwa asasishe maktaba ya picha. Anayeweza kuifikia ni aliyeifungasha, na kama huyo amekwisha kuiacha simu hiyo, hakuna mwingine.

Hapo huibuka pingamizi la kwanza, nalo husemwa kwa nia njema: nani atahangaika kuishambulia Same? Wadukuzi wanafuata mabenki. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mashambulizi yangeanza kwa kumchagua mtu. Kwa kawaida huanza kwa programu zinazopita anwani zote za intaneti zikijaribu tundu moja, na mwenye programu husubiri kuona wapi pamefunguka. Ndivyo ilivyokuwa baada ya Desemba 9, 2021: wengi walionaswa mwanzoni walinaswa na watu wa kuchimba sarafu za kidijitali, waliotaka umeme na nguvu ya kompyuta tu, yeyote awaye mwenye nayo. Pia si kweli kwamba hakuna cha kuibwa. Takwimu za MTUHA za kila mwezi ni jumla zisizo na majina, lakini DHIS2 ina sehemu ya kumfuatilia mgonjwa mmoja mmoja, na nchini Tanzania imetumika kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Katika kijiji cha milimani ambako koo zinajuana, jina moja la mgonjwa likivuja huumiza kuliko katika jiji kubwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaolisema mara nyingi ni mafundi wazuri: mfumo unaofanya kazi usiuguse. Kusasisha huvunja. Ripoti iliyokuwa ikitoka jana leo haitoki, na mwezi unaisha. Tena kiraka chenyewe chaweza kuwa na kasoro, kama lile toleo la 2.15.0, au chaweza kuwa sumu. Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ya kubana data, yalikuwa na mlango wa siri. Aliushtukia kwa sababu kuingia kwenye seva kwa mbali kulichukua nusu sekunde zaidi ya ilivyo kawaida. Aliyeuweka, aliyejiita Jia Tan, alikuwa amejenga imani ya mtunzaji wa maktaba hiyo kwa zaidi ya miaka miwili. Waliokimbilia toleo jipya kabisa ndio walioangukia mtego. Waliobaki na toleo la zamani walisalimika.

Nalikubali pingamizi hili nusu. Linathibitisha kwamba upya si usalama, na kwamba anayesasisha kila kitu kila siku bila kutazama anacheza kamari. Halithibitishi kwamba kukaa bila kusasisha ni salama, kwa maana matundu ya zamani yanajulikana na kila mtu, na programu za kuyatumia zimekwisha kuandikwa. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani haikukiweka kiraka cha maktaba ya Apache Struts kilichotoka Machi 7. Wavamizi waliingia Mei kupitia tundu lilelile, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaondoka. Kinachotakiwa ni mfungashaji atenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: toleo lenye vitu vipya, ambalo lina haki ya kusubiri majaribio ya miezi, na kiraka cha usalama kilichoshonwa kwenye toleo ambalo watu wanalitumia sasa, bila kubadili chochote kingine. Timu ya DHIS2 hutunza matoleo matatu ya karibuni kwa namna hiyo. Nchi iliyobaki nyuma zaidi ya hapo imejitoa kwenye ulinzi huo, mara nyingi bila mtu yeyote kuketi na kuamua hivyo.

Wapo pia wanaochoshwa na kelele. Skana ya usalama ikipitishwa kwenye folda ile ya lib huweza kutoa orodha ndefu ya namba za CVE zenye rangi nyekundu, na ofisa mmoja wa halmashauri mwenye kazi ya kutengeneza printa na kurudisha nywila za watu hawezi kuzichambua zote. Wana haki. Jackson-databind, kwa mfano, imeandikiwa matundu mengi kwa miaka, na sehemu kubwa ya hayo hayawezi kutumika isipokuwa mwandishi wa programu amewasha mpangilio fulani wa kupokea aina yoyote ya data. Asiyeuwasha hana hatari hiyo, ingawa skana itaendelea kumpigia kelele. Lakini nani ajuaye kama mpangilio huo umewashwa? Si ofisa wa Same. Ni aliyeandika programu na kufungasha maktaba. Kwa hiyo wingi wa kelele unazidi kuonyesha kwamba mzigo ni wake: pamoja na kiraka, anadaiwa maelezo mafupi ya wazi kwamba tundu hili linatugusa, lile halitugusi, na sababu ni hii. Kukaa kimya kwa kuwa "halituhusu" ni kuwaachia maelfu ya maofisa kila mmoja akisie peke yake.

Watetezi wa programu huria watauliza kama ni haki kumbebesha mzigo mtu aliyetoa kazi yake bure, tena kwa leseni inayosema wazi hakuna dhamana. Hapa lazima tutofautishe watu wawili. Wa kwanza ni mtunzaji wa maktaba, na huyo hadaiwi. Log4j ilitunzwa na watu wachache wa kujitolea, baada ya saa za ajira zao. OpenSSL, kabla ya tundu la Heartbleed kutangazwa Aprili 7, 2014, ilikuwa ikilinda sehemu kubwa ya intaneti kwa michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Wa pili ni yule anayeichukua maktaba hiyo, akaiweka ndani ya jukwaa, kisha akalipwa na mfadhili, serikali au mteja kulisambaza. Wapare, wenyeji wa milima ya Same, wana utaratibu wa zamani unaoangaza jambo hili. Bwawa la ndiva, kama Manoo kule Bangalala, hukusanya maji ya kijito usiku na kufunguliwa mchana, kila shamba kwa zamu yake. Na mwenye zamu anapaswa kushiriki msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa matope, vinginevyo hutozwa faini. Hakuna anayemdai aliyechimba ndiva aje kuzoa peke yake milele. Serikali, wafadhili na kampuni za programu zimekunywa maji ya maktaba huria kwa miongo miwili bila kushiriki msaragambo. Baada ya Heartbleed kampuni kubwa ziliunda mfuko wa kuzisaidia, jambo jema lililokuja baada ya hasara. Miradi ya afya ya kidijitali inayofadhiliwa Afrika Mashariki ingeweza kutenga sehemu ndogo ya bajeti yake kwa maktaba inazozitegemea, na fedha hizo zingelinda zaidi kuliko semina nyingi za siku tatu hotelini.

Husemwa pia kwamba dawa ni kujitengenezea mifumo yetu wenyewe. Nayaunga mkono matamanio hayo kwa sababu nyingine: lugha yetu, sheria zetu, vijana wetu kupata kazi. Kwa tatizo hili hayasaidii sana. Mfumo ulioandikwa Dodoma utatumia hifadhidata ileile, maktaba zilezile za kusimba data, kivinjari kilekile chenye libwebp. Kinachobadilika ni kwamba mfungashaji sasa ni sisi, na wajibu wote uliokuwa Oslo unahamia kwetu. Basi tuubebe kwa kanuni. Tanzania ina Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na mamlaka yake, eGA. Ina TZ-CERT, timu ya kushughulikia dharura za usalama wa kompyuta, chini ya TCRA. Ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Hatua ya wazi inayofuata ni masharti ya manunuzi: asiyetoa orodha kamili ya maktaba zilizomo ndani ya mfumo wake, na asiyeahidi kwa maandishi muda wa kuziba, asipewe zabuni. Marekani iliamuru orodha za namna hiyo kwa wauzaji wa serikali yake Mei 2021. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: sheria yake ya uthabiti wa kimtandao, iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 10, 2024, inamwajibisha anayeuza bidhaa yenye programu kwa matundu ya maktaba alizofungasha, ikiweka masharti mepesi kwa taasisi zinazotunza programu huria, na wajibu wake mkuu utaanza Desemba 11, 2027. Simu na seva zitakazouzwa Ulaya zitakuja na ahadi ya viraka. Tusipodai ahadi hiyohiyo, tutauziwa zile zisizo nayo.

Orodha na ahadi, hata hivyo, bado hazijafika milimani. Kwa DHIS2 njia ni fupi, kwa sababu seva ni ya taifa: ikizibwa mara moja, imezibwa kwa Hedaru na kwa Vudee kwa pamoja. Ugumu uko kwenye mifumo inayokaa ndani ya kituo chenyewe, kwenye seva ndogo iliyofungwa kwenye chumba cha mapokezi au cha dawa ili kazi isisimame mtandao unapokatika. Uamuzi wa kuiweka pale ulikuwa wa busara kwa mazingira ya milimani, lakini unamaanisha kwamba kila kituo kina nakala yake ya kila tundu. Hapo kiraka husafiri kwa flashi ndani ya basi la Same hadi Mamba, na mtu lazima ahakikishe faili lililofika ndilo lililotumwa, kwa kulinganisha alama yake ya hesabu na ile iliyotangazwa, la sivyo flashi yenyewe inageuka tundu jipya. Na kabla ya yote hayo, ofisi ya wilaya lazima ijue kituo gani kina toleo gani. Njia ya kulijua ipo tayari. Vituo huripoti kila mwezi dawa muhimu zilizoisha. Fomu hiyohiyo ikiongezewa mistari miwili, jina la mfumo uliopo kituoni na namba ya toleo lake, mganga mfawidhi ataisoma namba hiyo chini ya ukurasa wa kuingilia na kuinakili, DHIS2 itazikusanya kama inavyokusanya nyingine, na siku tangazo la tundu jipya litakapotoka, ofisa TEHAMA wa Same ataweza kuchuja orodha na kuona kwa dakika chache ni vituo vingapi vinamsubiri, na aanze na kipi.